Kibali cha mazishi si cheti cha kifo

Kamati ya matanga huku magharibi mwa Kenya haikosi watu. Kuna mweka hazina wa kuandika michango, kuna anayeshughulikia gari la kutoa mwili mochari ya Nakuru hadi Siaya au Vihiga, kuna wa hema na viti, na jikoni kuna akina mama ambao wakiutazama umati mara moja tu wanajua gunia moja la mahindi halitatosha. Asiyekuwepo ni mtu wa karatasi. Hakuna anayeuliza cheti cha kuzaliwa cha huyu mdogo kiko wapi, kitambulisho cha marehemu kimepigwa kopi au la, na nani atakwenda kwa msajili wiki ijayo. Siku chache baadaye hema limerudi kwa mwenyewe, wageni wamerudi Nairobi, na watoto wako kwa nyanya yao pamoja na deni la fahali aliyechinjwa.

Tukisema yatima wamekosa msaada, wengi huelewa kwamba hakuna pesa popote. Pesa ni kidogo, na hapa chini tutazihesabu. Lakini hata hizo kidogo humpita mtoto, kwa sababu kila dirisha linalozitoa huanza kwa kuomba karatasi, na karatasi hizo ni rahisi kupata katika miezi sita ya kwanza baada ya kifo. Baada ya hapo gharama hupanda, mashahidi huhama, na wazee waliojua mtoto alizaliwa wapi nao huzikwa.

Kwa hiyo kabla daftari la michango halijafungwa, kamati imteue mtu mmoja wa karatasi, kijana anayejua kutumia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na asiyeogopa foleni, na imtengee nauli. Pesa za soda za meza kuu zinatosha na kubaki.

Cheti cha kifo

Mtu akifia hospitalini, wahudumu hujaza taarifa ya kifo na familia hupewa kibali cha mazishi. Akifia nyumbani, anayeandikisha ni naibu wa chifu wa kata ndogo ile. Kibali hicho ni ruhusa ya kuzika, basi. Hakimtoi mtoto kwenye orodha ya wadaiwa wa karo, hakifungui pesa za sacco, na mahakama haikiangalii. Cheti cha kifo huombwa baadaye, kwa msajili wa vizazi na vifo wa mahali kifo kilipotokea, kwa kutumia nambari iliyo kwenye kibali. Familia nyingi hazifiki hapo. Kibali huonyeshwa polisi barabarani, kisha hubaki kwenye dashibodi ya gari lililobeba mwili, na huo ndio mwisho wake.

Yanayoharibika hapa ni yale yale kila mara. Kitambulisho cha marehemu hutakiwa kurudishwa serikalini. Kikirudishwa kabla ya kupigwa kopi, nambari hupotea, na bila nambari kila fomu itakayofuata itakuwa na pengo. Halafu majina. Anayetoa taarifa mochari mara nyingi ni shemeji au jirani, naye husema jina ambalo kijiji kilimwita marehemu. Cheti kinatoka "Wekhesa" na kitambulisho kinasema "Wekesa", au alama ya Achieng' imeruka, na miaka mitatu baadaye karani wa basari anataka kiapo cha wakili kuthibitisha kwamba hao ni mtu mmoja. Anayetoa taarifa awe na kitambulisho mkononi, asome herufi moja moja, na aangalie kilichoandikwa kabla ya kutia sahihi.

Kifo kisichoandikishwa ndani ya miezi sita huhesabiwa kuwa cha kuchelewa, na hapo hutakiwa idhini zaidi. Katika familia ambazo baba alifariki mwaka mmoja na mama mwingine, mara nyingi kimoja tu ndicho kiliandikishwa. Mtoto kama huyo ni yatima kamili kijijini, lakini ofisini ana mzazi aliye hai ambaye hajulikani aliko, na pointi za uyatima kwenye fomu ya basari hupungua.

Cheti kikipatikana, piga kopi kumi na asili ibaki nyumbani ndani ya bahasha ya plastiki. Kopi ndizo zitembee. Ofisi ikikuambia uache asili, omba waione na wakurudishie hapo hapo.

Cheti cha kuzaliwa, na kwa nini unaweza kurudishwa Nakuru

Uzazi huandikishwa mahali ulipotokea. Mtoto aliyezaliwa Nakuru wakati mama yake alikuwa kibarua kwenye mashamba ya maua ya Naivasha, akaletwa Ugunja baada ya msiba, rejesta yake iko Nakuru. Nyanya akienda kwa msajili wa Siaya ataambiwa hawamjui. Ndiyo maana mtu wa karatasi anapaswa kutafuta kadi ya kliniki kabla vitu vya marehemu havijagawanywa au chumba cha kupanga hakijafungwa na mwenye nyumba. Kile kijitabu cha mama na mtoto chenye chati ya chanjo ndicho ushahidi bora wa tarehe na mahali pa kuzaliwa, na mara nyingi hutupwa pamoja na magazeti.

Kama taarifa ya kuzaliwa ilijazwa hospitalini, kazi ni kuomba cheti tu. Kama haikujazwa na miezi sita imepita, ni usajili wa kuchelewa: kadi ya kliniki au kadi ya ubatizo, barua ya shule ikiwa yuko shuleni, kopi za vitambulisho vya wazazi au vyeti vyao vya kifo, kitambulisho cha anayeomba, na barua ya chifu. Kwa jina la baba, zamani mama asiyeolewa hangeweza kuliandikisha bila baba kukubali. Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu hicho cha sheria mwaka 2016. Bado kuna madirisha ambako utaambiwa haiwezekani. Uliza kwa upole, ukikataliwa muulize msajili mwenyewe.

Shule ya msingi kwa kawaida itampokea mtoto asiye na cheti. Shida huja kimya kimya. Serikali hutoa shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma, na hesabu hutoka kwenye mfumo wa wizara ambao umekuwa ukidai nambari ya cheti cha kuzaliwa. Asiye na cheti anakaa darasani, anakula nafasi ya dawati, lakini pesa zake haziji, na mwalimu mkuu huanza kumwona kama mzigo. Halafu inafika Gredi ya 6 na ya 9, usajili wa mitihani unafunguliwa kwa muda mfupi, na sasa kila mzazi wa kaunti ndogo yuko kwenye foleni ya msajili siku ile ile. Anayeanza kutafuta cheti Gredi ya 4 hana haraka. Anayeanza muhula wa usajili hulipa madalali wanaokaa nje ya ofisi na faili za kaki.

Shilingi elfu mbili kwa nyumba

Mpango wa serikali wa kuzipa pesa kaya zinazolea yatima ulianza kwa majaribio mwaka 2004, shilingi 500 kwa mwezi. Leo uko chini ya Inua Jamii, mpango wa serikali wa pesa za kusaidia wasiojiweza, na kiwango ni 2,000 kwa mwezi, na kimekaa hapo kwa zaidi ya mwongo mmoja huku bei ya gorogoro ya mahindi ikifanya inavyotaka. Kiwango ni cha kaya, si cha mtoto. Nyanya mwenye mjukuu mmoja na nyanya mwenye wanne hupata sawa. Kwa wanne ni shilingi 500 kila mmoja kwa mwezi, yaani kama 17 kwa siku, na malipo yenyewe huchelewa, yakaja ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Duka la kijiji linajua, ndiyo maana likampa nyanya unga kwa mkopo, na pesa zikifika hupita mikononi mwake hadi kwa mwenye duka siku hiyo hiyo.

Sikitikia kiwango, lakini usikidharau. Kaya iliyo kwenye orodha hii tayari imechunguzwa na kuandikwa kuwa maskini, na hilo huisaidia inapoomba vitu vingine. Kuingia kunategemea usajili wa kaya unaofanywa na maafisa wa serikali pamoja na wazee wa vijiji na naibu wa chifu. Hawaandikishi kila siku, na wakati wa kuandikisha habari husambaa kanisani na kwenye baraza kuliko kwenye redio. Nyanya asiyetoka nyumbani kwa sababu ya miguu huikosa. Jirani au mhamasishaji wa afya wa kijiji ndiye wa kumpelekea habari.

Kinachowatoa watu kwenye orodha bila wao kujua ni mabadiliko ambayo hayakuripotiwa: laini ya simu imebadilishwa, mtoto amehamia kwa shangazi Kakamega, mlezi aliyeandikwa amefariki na kadi iko kwa mwanawe. Mlezi akifariki, nenda ofisi ya watoto ya kaunti ndogo ukiwa na cheti chake cha kifo, kitambulisho cha mlezi mpya na barua ya chifu. Na namba ya siri ya kutolea pesa hizo asipewe kijana wa boda hata kama ni mpwa. Wakala akisema ada ni 200 kwa sababu "hizi ni za serikali", atajwe kwa afisa wa watoto kwa jina la duka lake.

Karo, mahali ambapo watoto huanguka

Hesabu ni hii. Shule ya bweni ya kawaida ya umma humdai mzazi 40,535 kwa mwaka. Zile kubwa za kitaifa na zilizoko katika miji kama Nakuru na Kisumu, 53,554. Za kutwa hazina karo ya masomo, ila mtoto atalipia chakula cha mchana na vitu vingine vidogo ambavyo havina jina moja. Karo hugawanywa 50, 30 na 20 kwa mihula mitatu. Maana yake mtoto wa bweni wa shule ya kawaida anadaiwa kama 20,268 siku ya kufungua Januari, mwezi ambao nyumba haina chochote ghalani wala mfukoni.

Sasa weka basari. Fomu za NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, na za kaunti hujazwa, kamati hukaa, orodha hubandikwa, cheki huandikwa. Mambo yakienda vizuri cheki hufika shuleni muhula wa pili, na ikiwa ni ya shilingi 5,000, ni kama asilimia 12 ya karo ya mwaka. Mtoto tayari ametumwa nyumbani Februari na tena Machi. Hakufeli Kemia kwa sababu hana akili. Hakuwepo wakati inafundishwa. Januari 2025 nazo basari za kaunti ziliingia kwenye mvutano, Msimamizi wa Bajeti aliposema kaunti haziwezi kuzitoa bila makubaliano na serikali kuu, mahakama ikasimamisha agizo hilo. Aliyekuwa akisubiri katikati ya barua hizo ni mwanafunzi.

Kwa hiyo mlezi asisubiri basari ndipo azungumze na shule. Wiki moja kabla ya kufungua, aende kwa mwalimu mkuu na barua fupi: jina, nambari ya usajili, deni lililopo, kiasi atakacholeta sasa, kopi za fomu za basari alizojaza, na kiasi anachoweza kila mwezi hata kama ni 1,000. Walimu wakuu wengi hukubali mpango ulioandikwa kuliko ahadi ya mdomo, kwa sababu wao pia wana mwenye maharagwe anayewadai. Aombe jibu liandikwe nyuma ya kopi yake na kupigwa muhuri, ili naibu mkuu anayesoma majina ya wadaiwa kwenye gwaride asiseme hakuambiwa.

Fomu ya basari hukataliwa kwa mambo madogo. Muundo wa karo uliopigwa muhuri haupo. Nambari ya usajili ya mwanafunzi imeachwa wazi kwa sababu mtoto bado hajaripoti. Akaunti ya benki ya shule imenakiliwa vibaya kutoka kwenye risiti iliyofifia. Mlezi ameandika "mzazi" badala ya "mlezi", na sasa kitambulisho hakilingani na cheti cha kuzaliwa. Na mtoto akihama shule baada ya kamati kukaa, cheki huenda shule ya zamani. Isiporudishwa na kuandikwa upya, miezi sita ikipita imekwisha nguvu. Ukihama, siku hiyo hiyo peleka barua ya uhamisho kwa ofisi ya basari, usingoje shule mbili ziandikiane.

Ipo pia basari ya rais ya yatima na watoto wasiojiweza walio sekondari, ambayo hupitia kwa afisa wa watoto, si kwa mbunge. Wengi hawaiombi kwa sababu hawajawahi kuingia ofisi hiyo. Kwa walio na alama za juu kuna ufadhili wa Wings to Fly, unaoendeshwa na wakfu wa Equity tangu 2010, na wa Elimu. Hao hutembelea nyumba. Usipange viti vya jirani wala usifiche hali. Wamewahi kuona nyumba za aina zote mbili, iliyopambwa na iliyofichwa hali.

Mhisani anayetaka kumsaidia mtoto mmoja na asizungushwe, afanye hivi. Asiombe muundo wa karo, aombe taarifa ya deni la mwanafunzi yenye muhuri na tarehe. Alipe moja kwa moja kwenye akaunti ya shule kwa nambari ya usajili ya mtoto, kisha atume ujumbe kwa mlezi na kwa mhasibu. Alipe muhula wa kwanza kwanza. Shilingi 10,000 za Januari hufanya kazi ambayo 15,000 za Julai haziwezi. Na aulize kuhusu vitu vilivyo kwenye orodha ya kuripoti. Tangu Januari 2026, kundi la kwanza la Gredi ya 10 lilipoingia, kuna waliokuwa na karo ya muhula lakini wakakaa nyumbani kwa kukosa sanduku, godoro, blanketi, jozi mbili za shuka, ndoo, beseni, viatu vyeusi na sare. Godoro liwe la futi 2.5 kwa 6, maana vitanda vingi vya bweni ni vyembamba, na la futi 3 hukunjika ukingoni na kuchanika kabla mwaka haujaisha. Kufuli ziwe mbili.

Kwa msichana, pakiti moja ya sodo yenye vipande 8 ni ya siku mbili, tatu akijibana. Hedhi ya siku tano ikibadilishwa mara nne kwa siku ni vipande 20. Sheria ya mwaka 2017 iliipa serikali jukumu la kutoa sodo bure kwa wasichana wa shule za umma, ila zikifika hugawiwa pakiti moja moja na likizo haihesabiwi. Pakiti tisa kwa muhula wa miezi mitatu, na chupi nne. Chupi husahaulika daima, kwa sababu hakuna anayetaka kuitaja kwenye mchango wa kanisa.

Shamba la marehemu

Hapa tunaomba msomaji atulie kidogo, maana katika Nyanza na Magharibi yote yatima wengi si maskini wa kuzaliwa. Wana ekari mbili za baba. Wanakuwa maskini ekari hizo zinapolimwa na baba mdogo, kisha zikakodishwa kwa miwa, kisha zikauzwa.

Mzazi akifariki bila wosia na hakuna mwenzi aliye hai, Sheria ya Mirathi, sura ya 160, inasema mali ni ya watoto wake wote kwa usawa, wa kike na wa kiume, wa ndani ya ndoa na wa nje. Anayeigusa mali ya marehemu bila idhini ya mahakama anatenda kosa chini ya kifungu cha 45: faini hadi shilingi 10,000, kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kwa kweli faini hiyo ni ndogo kuliko bei ya ng'ombe mmoja na haimtishi mtu. Chenye meno ni kwamba muuzaji asiye na idhini hana cha kuuza, na mnunuzi anaweza kufukuzwa hata baada ya kujenga.

Hatua ya kwanza ni ya bei nafuu: mtu wa familia aweke zuio kwenye ofisi ya ardhi kwa nambari ya shamba, ili uhamisho usipite bila yeye kujulishwa. Hatua ya pili ni barua ya chifu inayotaja warithi wote, na hapo ndipo wizi hufanyika. Majina ya wasichana huachwa kwa madai kwamba wataolewa. Mtoto wa mke wa pili huachwa kwa madai kwamba hajulikani. Soma barua hiyo kabla haijapigwa muhuri. Barua iende mahakamani na cheti cha kifo na fomu za maombi, tangazo litoke kwenye Gazeti la Serikali, watu wapewe siku 30 za kupinga, mahakama itoe barua za usimamizi, na kwa kawaida miezi sita baadaye uthibitisho. Warithi wakiwa watoto, sheria inataka wasimamizi wasiopungua wawili, kwa hiyo mjomba anayekuambia atashughulikia peke yake ama hajui ama anajua sana. Mmoja atoke upande wa mama. Wazee wa ukoo watanung'unika; waache wanung'unike.

Vivyo hivyo kwa pesa. Kuchukua simu ya marehemu na kutoa kilichomo kwenye M-Pesa kwa sababu namba ya siri inajulikana ni kugusa mali, hata kama ni ya kununua jeneza. Sacco na chama huangalia fomu ya mrithi aliyetajwa, na wengi waliijaza wakiwa hawajaoa, wakataja kaka. Kaka huyo alipwe mbele ya mashahidi wa familia, si kimya kimya.

Dawa na bima

Kwa afya tutasema machache. SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Zahanati na vituo vya afya havimlipishi aliyesajiliwa kwa huduma za msingi, lakini kulazwa katika hospitali kubwa kunahitaji michango, na kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi. Wasio na ajira rasmi hutakiwa kulipa mwaka mzima kwa pamoja, yaani 3,600 kwenda juu. Kumwandikisha mjukuu kama mtegemezi, tena, kunataka cheti cha kuzaliwa.

Yatima anayetumia ARV, dawa za kupunguza makali ya Ukimwi, akihamishwa kutoka mjini kwenda kijijini, asiondoke bila barua ya uhamisho kutoka kliniki yake na dawa za kumfikisha siku ya kliniki mpya. Barua isipopatikana, aende kituo cha karibu na chupa ya dawa alizokuwa akimeza. Asikae nyumbani akisubiri barua. Mlezi mpya aambiwe ukweli. Kumeza dawa kwa siri chini ya paa la mtu asiyejua hudumu wiki chache tu. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada ya nje, dawa zilipata kibali cha kuendelea, lakini miradi ya yatima iliyokuwa ikifadhiliwa na PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na Ukimwi, iliyolipa karo, sare, na posho za wahudumu waliotembea nyumba kwa nyumba, ilisimama ghafla. Watoto walioachwa na mhudumu wao ndio hukosa tarehe za kliniki bila mtu kugundua.

Kuhusu nyumba za watoto

Kila Desemba magari hujipanga nje ya nyumba za watoto na unga, sabuni na mabango. Wengi wa watoto walio ndani wana mzazi mmoja au jamaa aliye hai. Waliletwa kwa sababu ya karo na chakula. Serikali ilisimamisha usajili wa nyumba mpya mwaka 2017, na mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unataka watoto warudi kulelewa katika familia, Kisumu ikiwa miongoni mwa kaunti za mwanzo kujaribu. Tunaunga mkono, kwa sharti moja: pesa ziwafuate. Mtoto akirudishwa kwa shangazi Nyalenda bila hata magunia mawili ya mahindi, ameondolewa tu kwenye takwimu za taasisi. Na picha za mtoto akipokea unga zisipandishwe mtandaoni. Atatafuta kazi siku moja, na jina lake litatafutwa.

Mtoto anayepigwa, anayetumikishwa au anayeandaliwa kuozwa kwa sababu hana wa kumtetea, piga 116, bure, usiku na mchana. Taja kijiji, kata ndogo, alama ya karibu kama shule au kanisa, na umri wa mtoto. Wakikuuliza jina lako unaweza kukataa.

Mwisho ni jambo ambalo nyanya wengi hawataki kulizungumzia: wao pia ni wazee. Mlezi mwenye miaka 74 na mjukuu wa miaka 6 anahitaji mlezi wa pili leo. Amchague, amwite pamoja na mtoto, waende kwa chifu na kwa afisa wa watoto, jina liandikwe kwenye faili na kwenye rekodi ya Inua Jamii, na mlezi huyo apewe kopi moja ya kila karatasi. Awe mtu ambaye mtoto tayari hulala kwake wakati wa likizo. Na ikiwa watoto ni watatu, waulizwe kama wako tayari kutenganishwa, kabla wakubwa hawajawagawana.